Kutoka Mizani ya Pamba hadi Mizani ya Dhahabu: Waliokataa Kusoma na Waliokubali

Kitabu cha Nehemia, sura ya nane, kinatupa habari ya mkutano mkubwa wa kusoma. Watu waliorudi kutoka uhamishoni walikusanyika Yerusalemu mbele ya Lango la Maji. Ezra akasimama juu ya mimbari ya mti, akawasomea torati tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Walikuwapo wanaume, wanawake na wote walioweza kusikia na kuelewa. Kuna jambo moja ambalo hatupaswi kulipita haraka: Walawi walikuwa katikati ya watu, wakiwafafanulia maana ya yale yaliyosomwa. Hakuna aliyekemewa kwa sababu hakujua. Watu walipolia, waliambiwa waende wakale, wakanywe na kuwapelekea sehemu wasio na kitu. Mwisho wa habari hiyo tunaambiwa walifurahi, na sababu ya furaha yao ni kwamba walikuwa wameelewa.

Sisi tunaoishi hapa Nyasubi, katika mji wa Kahama, tunahitaji habari hiyo leo. Kila mmoja wetu anamfahamu mtoto aliyefika darasa la tano akiwa na daftari jeupe. Tunawafahamu vijana walioacha kidato cha pili wakaenda machimboni, kwenye bodaboda au kupakia magunia ya mpunga. Tunawafahamu pia watu wazima wanaokuja ibadani na Biblia kwapani, lakini andiko linapotajwa hawafungui. Tunasema kwa urahisi kwamba kizazi hiki hakipendi kusoma. Historia ya nchi yetu ya Usukuma na Unyamwezi inasema neno lingine. Kila kizazi hapa kilikuwa na watu waliokataa kusoma na kuandika, na kila mara walikuwa na sababu zao. Pale sababu hizo ziliposikilizwa, watu walisoma. Pale zilipopuuzwa, walikimbia, au walikaa darasani kwa mwili tu.

Katika insha hii tunataka kufuata historia hiyo kwa hatua chache, kisha tuone inatudai nini sisi kama kanisa.

Wasomaji wa kwanza

Injili ilipofika kusini mwa Ziwa, ilikuja pamoja na alfabeti. Mapadre wa White Fathers walifika Bukumbi, karibu na Mwanza, mwaka 1883, na mwaka 1891 wakafungua misheni ya Ushirombo, ambayo leo iko Bukombe, mkoani Geita. Wamisionari wa CMS walianza kazi Nassa mwishoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1909 kituo hicho kilichukuliwa na Africa Inland Mission, wakiongozwa na Emil Sywulka, na kutoka hapo likatokea kanisa ambalo leo tunaliita AIC Tanzania.

Upande wa kusini wa Ziwa pia ndipo alipofia Alexander Mackay, fundi na mmisionari kutoka Scotland. Alikuwa amefanya kazi Buganda, akafukuzwa mwaka 1887, akahamia Usambiro. Huko aliendelea kutafsiri na kuchapa sehemu za Injili kwa Kiganda mpaka alipofariki Februari 1890. Mackay alipokuwa Buganda alikutana na tatizo tunalolijua sisi sote: wanafunzi wengi, vitabu hakuna. Alichofanya ni kuchonga herufi kubwa za mbao na kuchapa karatasi za kujifunzia, ili watu wasome wakiwa wamezunguka karatasi moja. Huko Buganda neno la kumwita Mkristo lilikuwa ni neno lile lile la kumwita msomaji. Mtu akisema fulani anasoma, maana yake fulani anamfuata Kristo. Katika misheni ya CMS huko, mtu mzima alitarajiwa kujua kusoma Injili kabla ya kubatizwa, isipokuwa wazee sana na vipofu.

Tusidhani kwamba kwa sababu hiyo watu wote walikimbilia kalamu. Katika nchi ya wafugaji, mtoto wa kiume alikuwa mchungaji wa ng'ombe, na ng'ombe hawasubiri kengele ya shule. Mtoto wa kike alikuwa mikono ya mama yake, na baadaye alitazamiwa kuleta ng'ombe wa mahari. Mzazi aliyekataa kumtoa mtoto hakuwa mjinga. Alikuwa amepiga hesabu. Alijua mtoto akienda shule nani atapungua malishoni, ila hakujua nini kitaongezeka nyumbani.

Wamisionari na wakatekista walielewa jambo hilo polepole. Wakaanzisha shule ndogo za vijijini, zilizoitwa shule za vichakani, chini ya mti au katika banda la nyasi. Mwalimu alikuwa mtu wa kijiji kile kile, aliyesoma miaka michache tu, na masomo yalipangwa kwa saa ambazo mifugo iko zizini. Serikali ya Waingereza ilipoanza kutoa ruzuku kwa shule za misheni katika miaka ya 1920, shule hizi za vichakani ziliachwa nje ya hesabu, kwa kuwa kiwango chake kilionekana kuwa cha chini. Hata hivyo, ndizo zilizowafundisha wengi wa babu zetu kutamka silabi ya kwanza.

Jambo la pili lililowavuta ni lugha. Agano Jipya kwa Kisukuma lilichapwa mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1960. Kwa Kiswahili, Agano Jipya la Kiswahili cha Unguja lilikuwa limetoka mwaka 1883 na Biblia nzima mwaka 1891, na mwaka 1952 tukapata ile Biblia ya Muungano ambayo wengi wetu tumekua nayo. Mtu aliyesikia maneno ya Mungu kwa lugha ya mama yake alitambua kwamba karatasi haikuwa ya Wazungu peke yao. Ilikuwa inasema naye.

Mizani ya pamba

Hatua ya pili haikutokea kanisani, bali kwenye mnada wa pamba.

Katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wa Jimbo la Ziwa walilima pamba kwa wingi. Walibeba mizigo yao kichwani au kwa baiskeli hadi kwa wanunuzi, ikawekwa juu ya mizani, wakaambiwa uzito na kupewa fedha. Wengi wao hawakuweza kusoma namba zilizoonyeshwa na mshale wa mizani, wala kuandika ratili zao mahali popote. Malalamiko ya kupunjwa yalienea pande zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, watu waliojua kusoma mizani na kuandika, ili wasimame kando ya mizani ya mnunuzi na kuhakiki uzito. Kutokana na vuguvugu hilo, Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Muungano huo ulikua ukawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vilivyomilikiwa na Waafrika katika bara hili.

Wapendwa, tuangalie kilichotokea hapo. Wakulima wale wale waliosema kwamba shule haina faida walikuwa tayari kumlipa mtu aliyejua kusoma ili asimame kando ya mizani. Na kila chama cha msingi kilihitaji katibu, daftari la wanachama, risiti na hesabu. Hakuna aliyewahubiria kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Waliona kwa macho yao kwamba mshale wa mizani ukisomwa na mtu wako, unarudi nyumbani na fedha yako. Kitabu cha Mithali kinatufundisha kwamba Bwana anaichukia mizani ya udanganyifu na kupendezwa na uzito ulio kamili. Kwa mkulima wa Usukuma, andiko hilo lilikuwa jambo la kila msimu. Kujua kusoma kulikuwa njia ya kulinda haki aliyopewa na Mungu.

Kisomo chenye manufaa

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, watu wazima wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1967 walihesabiwa kuwa kama theluthi mbili. Usiku wa kuamkia mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa kwa redio, akautangaza mwaka huo kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Alikuwa akisisitiza kwamba taifa halikuweza kungoja watoto wakue, kwa sababu mabadiliko yaliwahitaji watu wazima sasa hivi.

Lakini kabla ya tangazo hilo, kazi kubwa ilikuwa imeanza hapa kwetu. Kuanzia mwaka 1968, serikali pamoja na UNESCO waliendesha mradi wa majaribio katika mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, yaani Kagera ya leo. Makao yake yalikuwa Mwanza. Wazee wetu waliupa mpango huo jina ambalo bado linakumbukwa: kisomo chenye manufaa.

Jina hilo linaeleza njia nzima. Kabla ya hapo, madarasa ya watu wazima yalitumia vitabu vilivyofanana na vya watoto. Mtu mwenye wajukuu alikaa kwenye dawati dogo akitamka a, e, i, o, u, huku watoto wakichungulia dirishani na kucheka. Wengine waliwaita ngumbaru. Wengi walihudhuria wiki mbili, wakatoweka. Waliokimbia hivyo hawakuchoshwa na herufi. Waliona aibu, na hawakuona maana ya kuendelea.

Mradi wa Ziwa uliandika vitabu kutokana na kazi za watu wenyewe. Mkulima wa pamba alijifunza silabi zake kutoka katika neno pamba, na somo lile lile likamweleza nafasi ya kupandia, wakati wa kupalilia na namna ya kupanga pamba safi na chafu. Mvuvi alikuwa na kitabu cha uvuvi. Mfugaji alikuwa na kitabu cha ng'ombe, mkulima wa migomba alikuwa na cha migomba, na akina mama walikuwa na vitabu vya lishe na usafi wa nyumba. Bwana shamba alikuja kuonyesha shambani kile kilichosomwa darasani. Mwalimu mara nyingi alikuwa jirani aliyemaliza shule ya msingi, akifundisha jioni kwa posho ndogo.

Pamoja na darasa kulikuwa na kitu cha kusoma baada ya darasa. Gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lilitolewa Mwanza kwa Kiswahili chepesi na herufi kubwa, likasambazwa Kanda ya Ziwa. Maktaba ndogo ziliwekwa vijijini. Redio nayo ilifanya kazi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchini katika vikundi vya kusikiliza. Kikundi kilisikiliza kipindi, mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba choo au kufyeka vichaka karibu na nyumba. Mtu asiyejua kusoma hakuachwa nje. Alisikia, alitoa maoni, na mara nyingi ndiye aliyekuwa na jembe zuri zaidi. Wiki iliyofuata alikuwa na hamu ya kukiona kijitabu chenyewe.

Matokeo yalipimwa kwa majaribio ya kitaifa. Mwaka 1975 waliobaki bila kujua kusoma na kuandika walikuwa 39%. Mwaka 1977 walikuwa 27%. Kufikia mwaka 1986 walikuwa karibu 10%. Dunia nzima ilitazama Tanzania, na ilikuwa haki kujivunia.

Lakini historia ya kweli ina upande wa pili. Katika sehemu kadhaa viongozi walitumia amri na vitisho vya faini kuwaleta watu darasani, na miaka hiyo hiyo, mwaka 1974, watu wa Shinyanga walikuwa wakihamishwa kwa nguvu katika Operesheni Vijiji. Mtu aliyevunjiwa nyumba yake jana hakuwa na moyo wa kufurahia silabi leo. Wako waliohudhuria ili majina yao yaandikwe kwenye mahudhurio, basi. Kisha miaka ya 1980 ikaja na hali ngumu ya uchumi. Karatasi zikaadimika, magazeti ya vijijini yakafifia, maktaba zikabaki rafu tupu, posho za walimu zikakoma. Watu waliokuwa wamejifunza wakakosa cha kusoma, na ujuzi usiotumiwa hufanya kutu. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta kwamba karibu 78% ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi ndio waliojua kusoma na kuandika. Vipimo vya majaribio na vya sensa havilingani moja kwa moja, lakini mwelekeo unaonekana. Tulipanda mlima, kisha tukateleza.

Mizani ya dhahabu

Sasa tuje katika siku zetu. Nchi iliyokuwa ya pamba na ng'ombe imekuwa pia nchi ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi hapa Kahama mwaka 2009, nao Buzwagi ulifikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Kando ya migodi hiyo kuna maelfu ya wachimbaji wadogo, wenye maduara, wenye karasha, wanaosafisha mchanga na wanaobeba mifuko ya mawe. Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, na mengine yakafuata mikoani, ili dhahabu iuzwe mahali penye mizani iliyohakikiwa, bei iliyotangazwa na risiti.

Duara lina mvuto ambao darasa halina. Kijana wa miaka 14 akisikia kwamba mwenzake amepata fedha kwa juma moja kuliko mshahara wa mwezi wa mwalimu, tutamwambia nini? Anapiga hesabu ile ile ya mzazi wa mwaka 1920. Anajua atakachokosa akikaa darasani. Hajui atakachopata. Wala tusisahau watoto wa kike, kwa sababu mkoa wa Shinyanga umekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye ndoa nyingi za utotoni.

Serikali imefanya sehemu yake kwa hatua kadhaa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2016 elimu ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Mpango wa MEMKWA uliwapa nafasi watoto waliopitwa na umri. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulielekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kati ya mwaka 2014 na 2020 mpango wa EQUIP-Tanzania ulifanya kazi katika mikoa kadhaa, Shinyanga ikiwamo. Ulitambua jambo ambalo wengi hatukulipa uzito: mtoto anayetoka nyumba ya Kisukuma anaingia darasa la kwanza bila Kiswahili cha kutosha, halafu tunamwita mzito. Kwa watoto wa namna hiyo waliandaliwa masomo ya utangulizi yenye hadithi za kusomewa kwa sauti, yakiongozwa na watu wa jamii yao. Na Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi katika shule rasmi.

Milango hiyo iko wazi. Lakini mlango ulio wazi haumwingizi mtu asiyetaka kuingia. Hapa ndipo kanisa linapohusika.

Historia hii inatudai nini

Kwanza, inatudai tuulize sababu kabla ya kulaumu. Asiyesoma ana sababu yake. Mmoja haoni vizuri ubao, hajawahi kupimwa macho. Mwingine lugha ya darasani si ya nyumbani kwake. Mwingine alichekwa siku alipokosea kusoma mbele ya wenzake, na tangu siku hiyo ameamua kwamba ni heri aitwe mtukutu kuliko aitwe mjinga. Mwingine ana njaa. Filipo alipomkuta yule mtu wa Ethiopia akisoma garini, alianza na swali kama anaelewa. Akajibiwa kwamba hawezi kuelewa bila mtu wa kumwongoza. Akapanda garini, akaketi naye. Kumketia mtu karibu ni nusu ya ualimu.

Pili, inatudai tuondoe aibu. Katika Shule ya Jumapili tusimwinue mtoto ghafla asome andiko mbele ya wote ikiwa tunajua bado anasitasita. Tumpe andiko lake tangu Alhamisi, alisome na dada yake au na mwalimu, ili Jumapili asimame na uhakika. Kusoma kwa pamoja, sauti zote kwa mara moja, kunamficha aliye dhaifu mpaka apate nguvu. Kwa watu wazima, tuwe na wakati wao na mahali pao, mbali na macho ya watoto. Mama mwenye miaka 60 akitaka kujifunza kusoma Zaburi, tumwandalie heshima ile ile tunayoiandaa kwa mwanakwaya mpya.

Tatu, inatudai tuanzie kwenye maisha. Mradi wa Ziwa ulianza na pamba, nasi tunaweza kuanza na dhahabu, mpunga, simu na bodaboda. Kijana wa machimboni anahitaji kuusoma mkataba wa mgawo kabla hajashuka kwenye duara. Anahitaji kusoma risiti ya soko la madini, na onyo kuhusu zebaki anayoishika kwa mikono mitupu. Dada anayeuza mchele anahitaji daftari la wadeni. Mwenye bodaboda anahitaji kuelewa karatasi ya mkopo aliyotia sahihi. Mambo haya ni ya kiroho pia, kwa sababu mtu akidhulumiwa kwa kuwa hakuweza kusoma, anayedhulumiwa ni mwenye sura ya Mungu. Na kijana akishaona kwamba maandishi yamemlinda mfukoni, hatashangaa kusikia kwamba yapo maandishi yanayomlinda nafsi.

Nne, inatudai tuwape watu nafasi ya kuandika maneno yao wenyewe. Kwa muda mrefu tumefundisha kuandika kwa kunakili ubaoni. Lakini vijana hao hao tunaosema hawapendi kuandika, wanaandika ujumbe kwenye simu mchana kutwa. Wanaandika kwa sababu wana mtu wa kumwandikia na jambo la kumwambia. Basi tuwape jambo. Waandike historia ya ukoo wao kwa kumhoji bibi. Waandike barua kwa ndugu aliye mbali, au ombi lao kwa Mungu, au ushuhuda wa siku waliyookoka katika ajali ya shimo. Wasukuma tunajulikana kwa mashindano ya ngoma, Bagika na Bagalu, kila upande ukitunga wimbo wa kuuzidi upande wa pili. Watu wanaoweza kutunga hivyo hawakosi maneno. Wanakwaya wa zamani walitunga kichwani. Wa leo waandike wimbo wao daftarini, wausahihishe, wausaini. Zakaria alipokuwa bubu, aliomba kibao akaandika jina la mwanawe Yohana, na mara ulimi wake ukafunguka. Kuna watu kati yetu ambao ulimi wao utafunguka wakipewa kibao.

Tano, inatudai tusiache rafu tupu. Kilichoua kisomo katika miaka ya 1980 ni kukosekana kwa cha kusoma. Kanisa lisilo na hata sanduku moja la vitabu linawafundisha watoto kwamba kusoma huisha na mtihani. Sanduku moja la hadithi za watoto, magazeti, vitabu vya kilimo na Biblia za herufi kubwa, likiwa na mama mmoja wa kulitunza na daftari la kuazima, linaweza kuanza mwezi ujao kwa fedha ambayo tungeitumia kukodi spika kwa sherehe moja.

Mwisho, inatudai tusitumie nguvu. Historia imeonyesha kwamba amri inaweza kujaza madawati bila kufikia akili. Sheria ya kumpeleka mtoto shule ni njema na tuitii. Lakini hamu ya kusoma haichapwi kwa fimbo. Mtoto huipata kwa kumwona mtu anayempenda akisoma. Baba akifungua kitabu baada ya chakula cha jioni, hata dakika kumi, amefundisha somo ambalo mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani hawezi kulifundisha. Na baba asiyejua kusoma akimwambia mwanawe, "Nisomee, nataka kusikia," amefundisha somo kubwa zaidi, kwa kuwa amempa mtoto heshima ya kuwa msomaji wa nyumba.

Bwana wetu Yesu alipoingia sinagogi la Nazareti, alisimama ili asome. Alipewa chuo cha nabii Isaya, akakifungua, akapata mahali palipoandikwa habari njema kwa maskini. Mwana wa seremala, katika mji mdogo uliodharauliwa, alikuwa amejifunza kusoma. Kuna mtu alimfundisha, na kuna watu walikitunza chuo kile mpaka siku hiyo ilipofika. Hatuyajui majina yao. Walifanya kazi yao tu. Kazi hiyo hiyo iko mbele yetu hapa Nyasubi, na wanafunzi wake wengine wako karasha asubuhi hii, wakisubiri mtu atakayewaketia karibu.